Shingo ya Mbuzi wa Bwana Mifugo

Siku nyingi Zamda alikuwa anakataa chakula, lakini mchuzi ule aliunywa. Tatu, mama yake, alimchambulia nyama laini ya shingo ya mbuzi, akamtia mdomoni kidogo kidogo, na mtoto akatafuna. Ulikuwa mwaka wa ukame. Watu walikuwa wamekwisha kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, huku Mazingara, na mvua haikuhamia pamoja nao. Nyumba karibu zote zilikuwa zinakula ugali wa mahindi ya njano ya msaada. Miguu ya Zamda ilikuwa imekonda kama mabua. Mama alipomwona anamumunya mfupa alisema Alhamdulillahi, machozi yakimlengalenga.

Hapo akaingia Bernadina, jirani yake, kuomba moto. Bernadina alizaliwa kwenye kambi za mkonge, na siku hizo kazi yake ilikuwa kufagia zizi la mbuzi wa bwana mifugo. Aliuona mfupa, akasimama.

"Mama Zamda, nyama hii imetoka wapi?"

Tatu alicheka. "Si baba Zamda kachinja? Shingo ni ya mchinjaji. Au kwenu mkongeni mchinjaji hupewa kwato?"

Bernadina hakucheka. "Mbuzi huyo sindano walimchoma hapo hapo shingoni. Miguu nilimshika mimi."

Kijiji kizima kilijua habari za mbuzi wale. Bwana mifugo, jina lake Yordani, alikuwa ametoka Korogwe kuja kutazama njaa inafanya nini katika misuli. Alieleza mkutanoni kwamba mbuzi atachomwa sindano, atachinjwa baada ya muda mfupi, naye atachukua vipande vya moyo, vya taya na vya paja. Mwili uliobaki uzikwe. Kazi ya kuchinja na kuzika akapewa Isihaka, mume wa Tatu, kwa kuwa kisu chake ndicho kilichoaminiwa kijijini.

Isihaka alizika vyote isipokuwa shingo. Mkewe alipomuuliza, aliinamisha kichwa.

"Baba yangu alichukua shingo, na babu yangu pia," alisema. "Nilidhani yule bwana hajui mila, nikaona haya kumfundisha mgeni."

Tatu akampakata Zamda. Alimnywesha mtoto maji ya chumvi, akamtia kidole kooni mpaka mchuzi wote ukatoka, na baada ya mchuzi yakatoka maji ya njano. Kisha akasema mtoto asipewe kitu chochote, hata tone la maji, mpaka sumu iishe mwilini. Zamda alilia kiu, na mama akakaza roho. Isihaka, ambaye naye alikula, aliketi kwenye kigoda akijipapasa tumbo, akingoja liume. Halikuuma. Tatu aliona hiyo ndiyo hila ya sumu, kuanza na mdogo.

Alfajiri mtoto hakulia tena, na kunyamaza kule kulimtisha mama kuliko kilio. Lori lililoleta mahindi lilikuwa linarudi Korogwe tupu, na Yordani alikuwa amekwisha kurudi huko na vipande vyake. Tatu akapanda na mtoto mgongoni, na njia nzima, lori likirukaruka, aliomba dua ileile: Ya Rabi, usimchukue kwa mkono wangu.

Alimkuta Yordani katika chumba kilichojaa chupa na harufu ya spiriti. Alimwambia yote akiwa amesimama, maana aliogopa akikaa hatainuka. Yordani alishusha pumzi.

"Ile si sumu, mama. Ni sehemu ya chakula chenyewe kinachojenga nyama, ila kina alama, kizito kidogo kuliko cha kawaida. Msuli mmoja una protini za aina nyingi, na kila moja huvunjwa na kujengwa upya kwa mwendo wake. Ni kama nyumba ya udongo: ukuta huu unaukandika leo, ule mwakani. Ile alama hunionyesha wapi ujenzi unakwenda upesi, moyoni au pajani. Nilisema wazikwe kwa sababu mnyama wa majaribio haliwi. Ndio utaratibu wetu."

Tatu akaketi, akamshusha mtoto mapajani. Yordani akamsogelea mtoto, akafunua khanga. "Na tangu jana amekula nini?"

"Sijampa kitu. Nilimtapisha."

Uso wa Yordani ukabadilika, na Tatu akaona kwamba hofu yake yote ilikuwa imekaa pasipo pake. Yule bwana hakufunga hata mlango. Alimbeba Zamda mwenyewe, wakaenda hospitali mbio mbio, naye akasema njiani, kama anayesema peke yake, kwamba mwili wenye njaa hubomoa miguu ili uulishe moyo. Tatu aliitazama miguu ya mtoto iliyokuwa inaning'inia mikononi mwa Yordani. Hakuuliza ikiisha miguu hubomolewa nini.

Muuguzi alileta maji yenye sukari na chumvi kidogo, akampa Tatu kijiko. Tatu aliutazama mkono uliokishika. Mkono huohuo jana ulimtapisha.

"Bismillahi," alisema, akamtia tone moja mdomoni. Lilikaa pale. Muda ukapita. Kisha koo likapanda na kushuka.

"Bwana," Tatu alimwita Yordani bila kumtazama, "akila sasa, utaanza kujengwa msuli upi? Moyo?"

Yordani alitikisa kichwa. "Sijui, mama. Ndicho ninachokipima."

Tatu aliweka kiganja juu ya kifua cha mwanawe, akausikia moyo ukigonga mdogo mdogo, kama mtu anayebisha hodi kwa haya. Akamwomba Mungu, ambaye hahitaji kupima, aanzie hapo. Kisha akachota kijiko cha pili.