Kibibi Anamwita Mwanawe

Mwanaidi alikuwa na kondoo kumi na mmoja pale Mkongo, na tangu mumewe afariki hao ndio waliokuwa wakimwondoa kitandani asubuhi. Akishasali alfajiri na kunywa chai yake ya rangi, hufungua zizi na kuwatoa kondoo wakubwa kwenda malishoni. Wana hubaki nyumbani, ndani ya kibanda cha miti kilicho ubavuni mwa jiko, kwa sababu malisho ni mbali na bweha hawakosekani vichakani. Saa kumi jioni mama zao wakirudi, ni kelele tupu: hawa wanaita huku, wale wanaitika kule, mpaka mlango wa kibanda ufunguliwe na kila mmoja ampate wake.

Dume mmoja mweupe alitengwa. Huyo alikuwa wa akika, wa kuchinjwa siku ya saba mtoto akishazaliwa. Mwanaidi alimchagua siku ile bintiye Johari alipompigia simu kutoka Kiongoroni, alikoolewa, na kumwambia kwa aibu kwamba ana mimba ya miezi mitatu. Kila wiki akimkagua macho, meno, miguu, masikio, asije akapata kilema kidogo akawa hafai.

Johari alijifungua mwezi wa Aprili. Mumewe Husseini, anayekata mikoko kule delta, mto unakoingia baharini, alipanda boti mpaka mahali penye mtandao akapiga simu.

"Mtoto wa kike, mama. Wazima wote wawili. Tunakungoja wewe na kondoo wako."

Siku ya nne Mwanaidi akaondoka, kondoo zake akiwa amemwachia Hemedy, jirani yake anayelima mpunga bondeni. Yule dume alisafiri kwenye bodaboda akiwa ndani ya kiroba, kichwa nje, kisha kwenye gari la mizigo mpaka Nyamisati. Mwanaidi akalala huko kwa ndugu. Siku ya sita, maji yalipojaa, akapanda boti. Kondoo alilazwa katikati ya magunia ya unga na makreti ya soda.

"Bibi, huyo bwana harusi unampeleka kuoa wapi?" abiria mmoja akamtania.

"Anakwenda kwa mjukuu wangu. Wa kwanza huyo," Mwanaidi akasema, na njia nzima akawa anamjibu kila anayeuliza, na asiyeuliza pia akamwambia.

Husseini alikuwa anawangoja ufukoni, amesimama kwenye tope mpaka magotini. Hakucheka. Alimpokea kondoo kwanza, akambeba mabegani, kisha akampa mkwewe mkono ashuke. Walipofika pakavu akamtua yule kondoo, akabaki ameinamisha uso.

"Mama, mtoto hatunaye. Tumemzika jana alasiri."

Mwanaidi alikaa pale pale mchangani.

Aliyemweleza vizuri ni Hadija, mama yake Husseini. Mtoto alianza kwa kukataa ziwa usiku, asubuhi akawa na homa, mwili unachemka. Zahanati iko kisiwa kingine, na maji yalikuwa yamekupwa, boti imekaa kwenye tope haiendi mbele wala nyuma. Wakangoja maji yajae. Johari alikaa ndani ya boti muda wote huo, mtoto kifuani, akiuangalia mfereji wa kupitia boti. Maji yalipoanza kupanda, mtoto alikuwa ameshanyamaza.

"Tulikupigia, dada, hukupatikana."

Simu ya Mwanaidi ilikuwa imeisha chaji tangu Nyamisati.

Jioni mwalimu wa madrasa alikuja kuuliza kuhusu kondoo. Mwanaidi akamjibu kwamba alimleta kwa ajili ya mtoto yule, basi achinjwe, watu wale, wamwombee mamake. Alikwenda mwenyewe kumshika miguu. Kisha akaomba ruhusa ya kumchukua bintiye mpaka arobaini iishe, na Husseini akakubali kabla hajamaliza kusema.

Walipofika Mkongo, Johari hakuwa mkaidi wala hakulia mbele ya watu. Akipewa uji anakunywa, akiambiwa aoge anaoga. Ila hakumtaja mtoto hata mara moja, na Mwanaidi akaogopa kuuliza.

Siku ya kwanza jioni, Johari alikuwa amekaa mkekani nje anachambua kisamvu. Kondoo wakarudi. Wana wakaanza kulia ndani ya kibanda, na mama zao wakaja mbio wakiitika. Mwanaidi alipogeuka kumsemesha, akaona gauni la bintiye limelowa kifuani, mahali pawili, na doa linazidi kupanuka. Johari naye akainama akajitazama. Akaliweka sinia chini taratibu, akaingia ndani.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mwanaidi akamfunga kifua kwa kanga, akakaza, maziwa yakapita kwenye kanga. Usiku alimsikia bintiye anauma mto ili asisikike.

Siku ya tatu akafungua kibanda asubuhi, akawatoa wana pamoja na mama zao.

"Bi Mwanaidi, unakwenda nao wapi hao?" Hemedy akamuuliza njiani. "Wadogo hawa. Bweha wapo kule."

"Nawajua bweha, Hemedy. Ila kelele zao zinamuumiza mwanangu."

Hemedy akawapisha wapite.

Kwa siku nane jioni zilikuwa kimya. Kondoo walirudi na wana wao ubavuni, hakuna aliyemwita mwenzake. Mwanaidi alirudi hoi, maana wana hawajui kutembea pamoja. Mmoja anazama kwenye tope la pembeni mwa bwawa, mwingine analala kichakani hataki kuondoka, na yeye mguu mmoja ulishaanza kuvimba. Lakini aliona kazi imefaa.

Siku ya tisa alikuwa anasali adhuhuri chini ya mkwaju. Hata hajatoa salamu ya kumaliza sala, akasikia vishindo. Kondoo walikuwa wanakimbia kuelekea kwake, wote, na nyuma yao Kibibi, kondoo jike mwenye madoa, alikuwa anakimbia kisha anasimama, anageuka nyuma, anaita. Mwanaidi alipiga kelele akatafuta kichaka kwa kichaka mpaka jua likapinda. Mwana wa Kibibi hakuonekana.

Njiani alipanga asiseme kitu. Lakini Kibibi hakupangika. Alifika zizini akasimama mlangoni, akaita, akaita, sauti ikamkauka na bado anaita. Johari alikuwa jikoni anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Ana nini huyo?"

"Njaa tu. Majani yamepungua."

Johari akaendelea kusonga.

Asubuhi Mwanaidi alichukua kamba. Alikuwa ameamua kumpeleka Kibibi kwa Hemedy, akalie huko mpaka asahau. Alipofika zizini akamkuta Johari amechuchumaa, bega limemwegemea yule kondoo, mkono mmoja unapapasa kiwele.

"Mama, njoo umshike kichwa. Hatulii."

Mwanaidi akaitupa kamba, akamshika Kibibi masikio. Johari akaanza kukama. Mwanzoni maziwa hayakutoka, kisha yakatoka mazito ya njano, na yeye akayaacha yamwagike ardhini.

"Kiwele kimekuwa jiwe hiki," akasema. "Ungemwacha hivi hivi angepata jipu."

"Nilikuficha, mwanangu. Mwanawe kachukuliwa na bweha."

"Nilijua. Na najua kwa nini ulikuwa unakwenda nao." Johari hakuinua uso. "Haikusaidia, mama. Hata pakiwa kimya maziwa yanakuja tu. Nikilala yanakuja, nikifua yanakuja. Hayangoji sauti."

Mwanaidi akayashika upya masikio ya Kibibi. Alimfikiria yule mwana, na mguu wake mwenyewe uliovimba, na siku nane za kujidanganya. Kibibi alikuwa ameanza kutulia mikononi mwake, anahema.

Ndipo akauliza kile alichokuwa hajathubutu kukiuliza.

"Alikuwa amefanana na nani? Mimi sikumwona."

Johari akahamia chuchu ya pili.

"Paji la uso la marehemu baba. Pana vile vile. Na akinyonya anakunja vidole vya miguu." Akafuta pua kwa mkono wa gauni. "Tulikuwa tunangoja siku ya saba tumpe jina. Lakini mie nilishampa. Nikiwa naye peke yangu nilimwita Yasmin. Husseini hajui."

"Yasmin," Mwanaidi akasema.

"Eee."

Hapo ndipo Johari alipolia, kwa sauti, uso ameuficha kwenye manyoya ya Kibibi, na mama yake hakumnyamazisha. Alimwacha mpaka kondoo wengine walipoanza kusukumana mlangoni kutaka kutoka.

Walimkama Kibibi hivyo kwa zaidi ya wiki, kila siku kidogo zaidi, mpaka akakauka. Johari alichelewa kukauka. Arobaini ilipoisha Husseini alikuja na mfuko wa kamba wakavu, akalala siku mbili, na asubuhi ya tatu mkewe akafunga mzigo wake. Mlangoni Mwanaidi alimwambia kama hayuko tayari abaki. Johari akasema atakwenda, kaburi liko kule na hakuna anayelipalilia.

Siku hiyo Mwanaidi aliwafungia wana kibandani, akawatoa wakubwa peke yao.