Kura ya Kuhamisha Makaburi

Sikutaka mwanangu Ikram afukuliwe, na nilimwambia hivyo kila aliyeniuliza. Miaka mitano amelala pale juu, mbali na korongo. Korongo lilikuwa linakula makaburi ya chini kila mvua zikinyesha, sawa, sikatai. Lakini kwa nini wahamishwe wote?

Mtaa wetu huku Mkonze ulikubaliana hivi: asilimia sitini ya familia zenye wafu pale zikisaini, makaburi yote yanahamishwa. Msikiti ukaandika orodha yake, kanisa nalo lake. Sasa sisi watu wa Kondoa tuliohamia hapa, nyumba moja utakuta baba anaswali, mjomba anaenda kanisani, na wote wamezika pale. Familia kama hizo ziliandikwa pande zote mbili.

Siku ya mkutano mwenyekiti, Bwana Meshack, akasoma. "Msikitini familia arobaini na nane, kanisani thelathini na mbili. Jumla themanini. Zilizosaini, thelathini na tatu na ishirini na nne. Hamsini na saba! Asilimia sabini na moja. Tunahamisha."

Nikaruka. Nimefundisha hisabati miaka kumi na minane, leo nidanganywe kwa hesabu ya kujumlisha? "Hebu lete hizo karatasi!"

Nikapitia majina. Familia kumi na mbili zilisaini kote kuwili. "Waliokubali ni arobaini na tano tu, mwenyekiti. Kwa themanini, hiyo ni asilimia hamsini na sita. Haifiki!"

Wenzangu wakapiga makofi. Athuman, mume wangu, akajifuta machozi. Meshack akasema, "Mwalimu akishasema, mimi nani nibishe?"

Karatasi zilikuwa bado mkononi mwangu nilipoona. Jamani! Kama familia zimerudiwa kwa waliosaini, zimerudiwa pia kwenye ile themanini. Nikahesabu kimoyomoyo: ishirini zipo orodha zote mbili. Kwa hiyo familia ni sitini. Arobaini na tano kwa sitini, asilimia sabini na tano. Hakuna mwingine aliyegundua, na wanafunzi wangu wakikosea hapo huwa nawafokea mpaka wanalia.

Athuman alinisoma usoni. "Mama Ikram," akanong'ona, "nakuomba, kaa chini."

Nilitaka kukaa. Wallahi nilitaka! Lakini mbele yangu alikuwa Bi Rukia, mjane ambaye kila mvua huenda kupanga mawe kaburi la mumewe lisiondoke na maji. Nikamtazama.

"Nimekosea," nikasema, na nikawaeleza yote. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Jumamosi wanaume wakaenda kufukua. Athuman alikataa kusaidiwa kwenye kaburi la Ikram. Alirudi saa kumi jioni, udongo mpaka kwenye viwiko, akanawa bila kuniangalia. Nikamwekea chakula, hakugusa.

Mwishowe akasema, "Alikuwa mwepesi, Mama Ikram. Nilimbeba kwa mkono mmoja."