Oili Inayokumbuka Njia

Kinyozi alikuwa amechuchumaa mbele ya kaunta ya duka la Mjomba, chupa ya oili mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto, na katikati ya magoti kijisanduku cha chujio. Chupa ya kulia, oili nyepesi, iliandikwa 10W-40, ya kushoto, nzito, 20W-50, na zote mbili zilikuwa na picha ya pikipiki ikiruka juu ya mlima. Kitabu cha pikipiki kilisema ya kulia. Lakini kitabu kilikuwa kimoja, na wateja wa Kinyozi walikuwa wengi.

Mwanamume akishafungwa kitambaa shingoni na wembe ukaanza kupita nyuma ya sikio, hujiona mtaalamu wa kila kitu. Wiki nzima walikuwa wakimshauri bila kuulizwa. Mwalimu alisema oili nyepesi ni ya nchi za baridi, hapa jua litaigeuza maji. Dereva wa lori alisema aweke ya magari, mashine ni mashine. Mshona viatu alisema oili ya gari itaifanya klachi iteleze, na tena kosa kubwa la watu ni kuhangaika na oili huku wakinunua chujio la kuokoteza. Kila mmoja aliapa kwa jina la marehemu baba yake. Kinyozi alichoshwa nao hata akawakata wawili nywele vibaya, na mmoja alistahili.

Pikipiki yenyewe ilikuwa mpya, nyekundu, nailoni bado iko kwenye kiti. Hakuinunua kwa fahari. Figo za mama yake zilikuwa zimechoka, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilimpasa Mama awe kwenye mashine ya kusafisha damu hospitalini kabla ya saa mbili asubuhi. Anayechelewa, kiti chake hupewa anayesubiri kwenye benchi, na kwenye benchi hakujawahi kukosekana mtu. Akikosa mashine mara moja, miguu yake hujaa maji. Akikosa mara mbili, maji hupanda kifuani. Majuma ya kwanza pikipiki ilimfikisha bila tatizo lolote. Ilijua njia moja tu, ya nyumbani na hospitali, maana Kinyozi aliionea huruma hata kwenda nayo sokoni. Kisha ikafika siku ya kumwaga oili ya kiwandani na kuweka nyingine, kama kitabu kilivyoagiza.

"Mpwa wangu, utaota mizizi hapo chini," Mjomba alisema.

Mjomba alikuwa mdogo wake Mama, tumbo moja. Maduka yote ya oili mjini yalichukua mzigo kwake, kwa hiyo hata mtu aliyekimbia duka lake alimkuta mbele.

"Hii ya kulia ni halisi?"

"Ya kiwandani kabisa. Angalia lakiri, haijaguswa."

"Na chujio?"

"Nikuuzie wewe feki, mtoto wa dada yangu? Damu nzito kuliko maji, bwana."

Mchagua nazi hupata koroma. Kinyozi alichukua ya kulia, akaikokota pikipiki hadi kwa Fundi Spana, mtaa wa pili. Fundi akafungua nati ya chini, oili ya kiwandani ikamwagikia beseni, bado ina rangi ya asali.

"Oili chafu na chupa tupu unaniachia?" Fundi aliuliza, kama mafundi wote wanavyouliza.

"Kaa navyo," Kinyozi alijibu, kama wateja wote wanavyojibu.

Jumatano asubuhi, kwenye mzunguko wa barabara, pikipiki ilikata kushoto. Hospitali iko kulia. Kinyozi aliuvuta usukani, akakanyaga breki, akazima swichi, na pikipiki ikaendelea na safari kwa mwendo wa mtu anayewahi kazini. Ilisimama mbele ya duka dogo lenye mlango wa bati. Mwenye duka alitoka akijifuta mikono.

"Mikate iko wapi leo?"

"Hatuna mikate," Mama alisema kutoka nyuma. "Lakini shikamoo yako iko wapi, nani kakulea?"

"Shikamoo mama. Mwambieni basi anayeleta, watoto wanasubiri chai."

Pikipiki ilizunguka maduka yote ya mtaa ule, ikasimama kila mlangoni kwa muda wa kutosha kupokeza mikate na kusalimiana. Walipofika hospitali, muuguzi aliwaonyesha benchi. Kisha akawaonyesha kiti cha Mama, ambacho kilikuwa na mtu.

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Wewe ndiye uliyekata kona?"

Mchana ule Fundi Spana alichovya kidole kwenye oili ya pikipiki, akakisugua na gumba, akanusa. "Hii ni ya muuza mikate, bado inakumbuka njia zake. Niliimwaga mimi mwenyewe mwezi uliopita." Akafungua chujio. Ndani yake kulikuwa na makombo ya mkate yaliyolowa, na chini ya rangi mpya, kutu ya zamani. "Hili nalo ni lake."

"Kwa hiyo Mjomba anachuja oili chafu anairudisha kwenye chupa?"

"Kwa shati kuukuu. Anakunja mara mbili, si mtu wa haraka haraka."

"Na wewe unamuuzia!"

"Si mliniachia wenyewe?" Fundi aliuliza, bila ubaya wowote.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kinyozi alikwenda dukani mbio, na hasira zake zote alizipanga njiani, lakini Mjomba hakumpa nafasi ya kuzitumia, kwa sababu hakukana.

"Jaribu nzito," alisema, akimsogezea ile ya kushoto. "Nzito haina kumbukumbu kubwa."

Kinyozi alipita maduka mengine manne, akakuta chupa zilezile, lakiri zilezile, mlima uleule. Alirudi akachukua nzito. Wenye pikipiki za kukodi nao hawakumfaa, maana walinunua hapohapo na walikuwa wamekwisha kuzoea: ukipanda pikipiki ya mmoja wao, kwanza anakuuliza una haraka ama huna.

Ijumaa pikipiki ilikwenda vizuri mpaka karibu na kiwanda cha matofali. Hapo ilizima injini yenyewe, ikateremka kimyakimya kwenye kichochoro na kusimama nyuma ya nyumba moja nadhifu, penye mlango mdogo. Mlango ulifunguka kidogo.

"Mbona leo umekuja na mama yako?" sauti ya kike ilinong'ona.

"Siye huyo unayemngoja," Mama alisema. "Huyu ni wangu, na ana adabu."

Mwanamke aliwakaribisha ndani, maana haikuwa heshima kumwacha mtu mzima juani. Mama aliomba maji, akakumbuka kwamba hakuruhusiwa maji mengi, akalowesha midomo tu. Pikipiki ilikataa kuwaka mpaka ulipotimia muda ambao mwenye oili, yeyote aliyekuwa, alizoea kukaa. Kinyozi aliipiga teke hadi akaumia kidole. Hospitali, kiti kilikuwa na mtu.

Siku mbili zilizofuata Mama alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na pumzi yake ilisikika mpaka jikoni. Kinyozi hakufungua kibanda chake cha kunyolea. Alikwenda dukani akapiga kaunta kwa ngumi, machujio yakaanguka kutoka rafuni.

"Huyu ni dada yako! Anakufa kwa chupa zako!"

Macho ya Mjomba yalijaa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. "Unadhani sijui? Nikupe nini, mpwa wangu? Oili mpya haijawahi kufika mji huu. Tangu nifungue duka sijaiona, isipokuwa kwenye tumbo la pikipiki mpya."

"Yangu iko wapi, basi? Ile niliyoacha kwa Fundi?"

"Ile ilitoka siku ileile. Ilikuwa nzuri sana ile."

Jumatatu, Kinyozi aliazima mkokoteni wa muuza matofali. Alikuwa akitandika godoro ndani yake ilipoingia uani pikipiki yenye namba za serikali. Aliyekuwa juu yake alivaa shati lililopigwa pasi, na alikuwa ameshika breki zote mbili kwa nguvu zisizo na faida.

"Samahani," alisema. "Hapa ni kwa nani? Mimi ni Mkaguzi wa Ubora wa Bidhaa. Nilikuwa naenda ofisini. Jana tu nimebadilisha oili."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama alisema. Akachukua mkoba wake, akapanda nyuma.

Pikipiki ilimpeleka moja kwa moja. Kwenye mashimo karibu na soko ilipunguza mwendo yenyewe, kama Kinyozi alivyoizoesha ile oili yake ya kwanza, kwa sababu ya mgongo wa Mama. Walifika mapema hata muuguzi akatabasamu, jambo ambalo si la kila siku. Kinyozi, aliyewafuata kwa miguu akikimbia, aliwakuta Mama yuko kwenye kiti chake, mipira ya damu imeunganishwa, na Mkaguzi ameketi nje akitazama saa. Akaketi karibu naye na kumweleza habari zote: shati kuukuu, rangi juu ya kutu, makombo ya mikate.

"Najua," Mkaguzi alisema.

"Unajua?"

"Nembo ya ubora kwenye zile chupa ni yangu."

"Mfungie duka, basi! Unangoja nini?"

Mkaguzi alimtazama bila chuki. "Nikimfungia leo, keshokutwa mama yako ataletwa na nini?"

Kinyozi aliinuka, akaenda kuipangusa vumbi pikipiki ya serikali, akiitukana. 

Basi Mkaguzi aliendelea kumpeleka Mama. Alichelewa ofisini kila mara, na ofisini hakuna aliyegundua. Lakini oili ina umri wake. Injini ya serikali ilianza kulia, ikapelekwa kwa Fundi Spana, na oili chafu pamoja na chupa tupu vikaachwa hapo. Jumatatu iliyofuata alikuja mpiga picha za harusi, kamera shingoni, analalamika. Yeye alisimama mbele ya ua wa jirani, si uani kwao. Mama alijongea. Baada ya mpiga picha akaja mwalimu wa kwaya, na pikipiki yake ikaishia bombani, penye foleni ya ndoo. Kila iliporudi kwenye shati la Mjomba, oili ilisahau kidogo. Njia ya hospitali ilibaki nayo, na mashimo ya soko ilibaki nayo, ila mlango wa Mama ndio iliokuwa ikiusahau.

Mama alianza kutoka mapema, aiwahi pale itakaposimama. Kinyozi alimshika mkono, wakatembea polepole wakipumzika kwenye kila jiwe, na yeye akilaani barabara, mashine, serikali na ukoo mzima wa upande wa mama. Pikipiki yake nyekundu ilibaki imefungwa mnyororo kwenye nguzo, maana siku hizi ilikuwa na oili ya mtu mpenda safari.

Sasa pikipiki yenye oili ile inasimama mbele ya duka la Mjomba. Leo asubuhi Mjomba alitoa kiti cha plastiki, akakipangusa kwa kitambaa cheusi kilichowahi kuwa shati, akamketisha dada yake kivulini.

"Pumzika, dada. Haitachelewa."

Haikuchelewa. Iliendeshwa na fundi bomba asiyemjua yeyote pale, naye aliinamisha sikio kwenye injini, uso umekunjamana.

"Inagonga hii. Kuna oili nzuri hapa?"

Kinyozi alimtazama Mjomba. Mjomba alikuwa amekwisha kunyoosha mkono rafuni.

"Ya kiwandani kabisa," alisema. "Angalia lakiri."

"Badilisha tukisharudi, mwanangu," Mama alimwambia fundi bomba, akakusanya gauni lake na kupanda.