Makuti Yangu, Mpingo Wake

Mie nina mdomo, sikatai. Mtaa mzima wa kwetu Chamazi wanajua, na hata mjumbe wetu wa nyumba kumi akiniona nakuja anatafutaga pa kupitia. Lakini leo nautumia mdomo huu huu kumsifu mtu, tena mtu niliyemsema vibaya miaka minne mfululizo, kwa hiyo mnisikilize vizuri.

Mtu mwenyewe ni Adelina, Mmakonde wa Newala, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Tunamwita Mama Monica. Mumewe, Kornelio, anachonga vinyago vya mpingo na kuvipeleka Mwenge kuuza. Mie ni mwenyeji, Mzaramo, nimezaliwa hapa hapa kulipokuwa bado mashamba, na kazi yangu ni kusuka makuti ya kuezekea. Msinicheke, makuti yana soko. Wenye mahoteli ya Msasani wanayataka kuliko bati.

Nyuma ya nyumba zetu sita kuna bonde. Masika linajaa maji, kiangazi linajaa nyasi za kumfika mtu kifuani. Kila mwaka mvua zikikatika, Adelina alikuwa anatoka na jembe, analima ukanda wa hatua tano kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya sita, anang'oa nyasi na mizizi yake, anafagia majani, panabaki udongo mtupu. Ukimuuliza, anasema ni kinga ya moto. Kwao kila mwenye mikorosho anafanya hivyo, na asiyefanya anawaunguzia wenzake mashamba. Mie nikamwambia mbele za watu, "Hapa si Newala, Mama Monica, hapa hakuna korosho. Sema tu unaninyemelea kiwanja!" Alicheka, akaendelea kulima. Basi nami kwa ukaidi, kila akishamaliza kufagia nyuma ya nyumba yangu, nalundika makuti yangu makavu juu ya ukanda wake, chini ya dirisha la mama. Uwanja ni wangu, nani ataniambia nini?

Mama yangu, Bi Mwanabaraka, ana mwaka wa tatu kitandani tangu apigwe na kiharusi. Upande mmoja umelala kabisa, na maneno yanamtoka moja moja. Habari yote hii ni ya mama.

Ilikuwa Agosti iliyopita, saa nane mchana. Kusi ilikuwa inavuma tangu asubuhi, ule upepo wa kukunyang'anya kanga hadharani. Ng'ambo ya bonde kuna mtu alichoma takataka zake. Hatujamjua ni nani, na mie bado namtafuta. Niliona moshi kwanza, nikadhani ni tanuri la mkaa. Kidogo nikasikia mlio kama mvua inakuja juu ya mabati. Kutazama bondeni, moto umeshika nyasi upana wote, na upepo unausukuma huku kwetu. Yarabi!

Sasa nyie mnatujua watu wa Dar. Tukiona moto, cha kwanza ni kutoa vyombo. Godoro, kochi, kabati, televisheni, vyote nje, na mtu wa kuvilinda vibaka wasipite navyo. Ndani ya dakika tano kichochoro chetu kilikuwa hakipitiki. Mashaka, wa nyumba ya tatu, alikalia friji lake kabisa, kashika rungu, moto uko nyuma yake yeye anaangalia wezi. Zimamoto tuliwapigia na walikuja haraka, sitawasingizia. Ila sie wenyewe tumejenga mpaka njia imebaki ya bajaji kupita kwa kuomba dua. Gari lao likasimama barabarani, ikabidi wauvute mpira wa maji wakitembea, na huko mbele wakutane na makabati yetu.

Mie nilimfunga mama kwa shuka, nikambeba mgongoni. Mlangoni nikakuta vitanda viwili vya watu vimesimamishwa, na nyuma yake meza, na nyuma yake magodoro. Mtu mmoja anapenya kiubavu, aliyebeba mtu mgongoni hapiti. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nani anakusikia? Kila mtu anaita vyombo vyake. Nikamrudisha mama kitandani, na mama akasema neno moja, "Niache." Nikamwambia, "Mama, usinitie wazimu!" Nikatoka mlango wa nyuma, ule wa kutokea bondeni kwenye moto wenyewe, nikilia.

Huko nyuma ndiko alikokuwa Adelina. Amesimama kwenye ukanda wake, kibiriti mkononi. Ng'ambo ya ukanda, ndani ya nyasi, lilikuwapo banda la Kornelio, maana viwanja vyetu ni vidogo, hakukuwa na pengine pa kulijenga. Humo alikuwa na magogo ya mpingo aliyoyakausha kivulini miaka miwili yasipasuke, mtaji wake wote, na siku hiyo mwenyewe alikuwa Mwenge. Vijana watatu wa bodaboda, mkubwa wao Twalib, walikuwa wamejitolea kuyaokoa. Walishayatoa mlangoni, mengine yako begani.

Adelina aliutazama ukanda wote. Nyumba tano, udongo mtupu. Ya sita, yangu, makuti makavu yamepanda mpaka dirishani.

"Dada Nusaiba, mama katoka?"

"Hajatoka! Kichochoro kimeziba!"

Nikajua sasa natukanwa, na wallahi nilistahili.  Badala yake aligeuka akapaza sauti, na mie sikuwahi kuisikia ile sauti yake, "Twalib! Tupeni magogo chini! Wote kwenye makuti!"

"Mama Monica, huu mpingo wa mzee tunaumaliza sasa hivi tu, safari mbili..."

"Nimesema tupa! Nikichelewa kuwasha, nyumba zote hizi hazipo, na bibi wa watu yumo ndani!"

Alikuwa anataka kuuzima moto kwa moto mwenzake. Baadaye alinieleza. Unachoma nyasi za mbele ya ukanda, moto wako unatambaa kinyume cha upepo kuufuata ule mkubwa, na mioto ikikutana haina tena cha kula. Lakini unatambaa polepole, ndiyo maana lazima uwashe mapema. Na huwezi kuwasha kama nyuma yako kuna lundo la makuti linalosubiri cheche.

Twalib akaliangalia gogo, akaliangalia dirisha la mama, akalitupa gogo. Wenzake wakamfuata. Adelina akaenda kichochoroni, akaipiga teke meza ya watu, akawafokea, "Acheni magodoro! Godoro lina roho? Njooni huku!" Na watu wakaja. Sijui kwa nini wakamsikiliza yeye na sio mie, labda kwa kuwa alikuwa hajawahi kumfokea mtu. Tukapanga mstari. Makuti yakapita mkono kwa mkono ubavuni mwa nyumba yangu mpaka kwenye shimo la choo ambalo Mashaka alikuwa ndio kwanza kalichimba. Mashaka mwenyewe aliteremka kwenye friji, akawa anayapokea na kuyatumbukiza shimoni, na juu yake mchanga. Joto lilishatufikia usoni. Vilipobaki vipande vipande, Adelina alipiga magoti akavikusanya kwa mikono mitupu, na mie pembeni yake.

Halafu akasimama, akawasha tita la nyasi, akaanza kuchoma. Alianzia kwake. Mbele ya banda la mumewe kabisa, pale magogo yalipotupwa. Akatembea na lile tita nyumba kwa nyumba, bila haraka na bila kugeuza shingo. Banda likashika nyuma yake, nikasikia bati linalia. Hakugeuka. Jamani, mie nimeona wanaume, nimeona na viongozi, lakini moyo wa namna ile sijauona.

Tulishika magunia yaliyoloweshwa tukawa tunapiga kila cheche iliyovuka. Moja iliingia dirishani kwa mama, ikashika pazia. Adelina aliling'oa pazia kwa mkono wake, akalikanyaga. Kisha mioto miwili ikakutana katikati ya bonde, ikapanda juu kuliko mnazi, ikanguruma, na ikaisha. Ikaisha hivyo hivyo. Vijana wa zimamoto walipofika na mpira wao walizima masalia na kulowesha paa zetu. Mkubwa wao aliuliza nani kachoma huku mbele. Tukamwonyesha. Alimtazama Adelina na kanga yake iliyoungua pindo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante, mama."

Mpingo ndio haukuzimika. Ule mti ukishika moto, unawaka mwekundu kama chuma cha mhunzi, mtu hasogei. Adelina alikaa kwenye ngazi ya mlango wake akiutazama. Hakulia.

Kornelio alirudi jua linazama. Nilimwahi njiani, sikutaka alisikie kwa mwingine. Nikamwambia kila kitu bila kujitetea. Kwamba yale makuti niliyaweka pale makusudi, kumkomoa mkewe. Kwamba mpingo wake umeungua kwa ajili ya ukaidi wangu. Nilikuwa tayari anipige.

Alinipita, akalipita banda lake lililobaki majivu na makaa, akaingia ndani kwangu moja kwa moja mpaka chumbani kwa mama. Nikamfuata mbio, sijui anataka kufanya nini. Alivua kofia, akachutama karibu na kitanda.

"Shikamoo, mama."

Mama alilitafuta neno. Mdomo ulipinda, ukarudi, na likatoka zima.

"Marahaba."

Kornelio akaushika ule mkono wake uliolala, akakaa nao mpaka mama akasinzia. Adelina alikuwa amesimama mlangoni, na hapo ndipo kilio kikamtoka, kilio cha siku nzima.

"Nisamehe, Baba Monica. Yale magogo yalikuwa jasho lako lote."

Kornelio hakuuachia mkono wa mama. Akasema kwa sauti ya chini, "Nyamaza, Mama Monica. Utamwamsha mama."