Mihuri Kumi na Mitatu ya Treni

Mwanangu Tadayuki anafanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya baiskeli hapa Sakai, Japani, mwaka wa ishirini na mbili sasa, lakini baiskeli yenyewe alikuwa hapandi. Machi daktari akamwambia sukari yake imepanda, na isiposhuka kufikia kipimo cha Novemba, ataanza sindano. Baba yake alikufa kwa sukari hiyohiyo. Kwa hiyo Tada aliposema ataendesha baiskeli kwenda kazini, kilomita saba kwenda na saba kurudi, nilimpikia wali wa maharagwe mekundu, kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Nikamtengenezea na kadi. Watoto wa mtaani kwetu wakiamka mapema likizo ya kiangazi kufanya mazoezi ya viungo yanayoongozwa redioni, hupigiwa muhuri kwenye kadi wanayoivaa shingoni, na miaka mingi mpigaji nilikuwa mimi. Nilikata karatasi ngumu, nikachora visanduku mia, nikatoboa tundu, nikatia uzi wa kijani. Mkewe, Chigusa, alicheka hadi akakaa chini. Tada naye alicheka, lakini kila jioni aliileta kadi kabla hajavua soksi, nami nikatoa muhuri wa ukoo, nikauhemea ulainike wino, nikagonga.

Aprili yote alirudi na jasho. Mei vilevile. Mvua za Juni zilipoanza, jasho likakauka na shati likawa limenyooka. Nikasema labda mwili umezoea.

Jumatano moja nilikuwa namfutia tope baiskeli yake. Chini ya siti nikakuta waya mwembamba na kipande cha karatasi nyekundu. Kila mtu hapa anaijua karatasi hiyo: watu wa manispaa huifunga kwenye baiskeli iliyoachwa pasiporuhusiwa, na ukichelewa wanaibeba kwa lori. Maandishi yalikuwa bado yanasomeka. Saa mbili na dakika tano asubuhi, mbele ya stesheni. Na stesheni ni dakika nne kutoka mlangoni petu.

Nikakaa juu ya ndoo. Mwanamume mzima anapanda treni, halafu anakuja kudai muhuri. Nami nagonga, muhuri uleule uliogongwa kwenye karatasi za ndoa yake.

Nilitaka kumwita palepale. Lakini mtoto ukimuumbua mbele ya mkewe, utaipata aibu yake, miguu yake hutaipata. Jioni nikagonga kama kawaida.

Asubuhi akanikuta nje na baiskeli yangu ya kikapu, nimefunga kofia kidevuni. Akaniuliza kama nakwenda sokoni saa hizi. Nikamwambia namsindikiza kazini.

"Na goti hilo, Mama?"

"Goti langu lina miaka sabini na minne, lako arobaini na sita. Tusikie lipi litalia kwanza."

Kwenye kona ya stesheni gurudumu lake lilikata kushoto kidogo lenyewe, kama punda anayelijua zizi lake. Masikio yakamwiva. Mimi nilitazama mbele tu, naye akanyoosha usukani.

Tukapita kando ya maji yanayozunguka kaburi la mfalme wa kale, bata bado wamelala, tukafika kwenye daraja linalopanda juu ya reli. Wasichana wa shule wakatupita wakipiga soga. Akatupita na bibi mmoja mwenye vitunguu virefu kikapuni. Tada akashuka, akajifanya anafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

"Kila siku ni hapa," akasema akiwa bado ameinama. "Mtu anayetengeneza gia anasukuma baiskeli kama mkokoteni. Na wenzangu wote njia yao ndiyo hii."

Nami nikashuka. Nilikuwa nimeishiwa pumzi kitambo, namshukuru Mungu kwa kile kiatu.

"Basi tusukume. Wakikuuliza, sema unamkokota mama yako mgonjwa wa goti."

Akacheka kwa pua. Tukasukuma, polepole, hadi katikati ya daraja. Pale akasimama.

"Kumi na mitatu, Mama. Mihuri kumi na mitatu ni ya treni."

"Najua. Panda, unachelewa."

Akateremka upande wa pili ameachia pedali, miguu imetanuka, tai iko begani.

Wiki nzima nilimfikisha darajani na kurudi na goti limevimba kama kiazi cha kuchemsha. Jumatatu iliyofuata ikanyesha tangu alfajiri. Nikasema afadhali, leo tunapumzika, nikajivutia shuka. Mlango ukagongwa. Tada alikuwa amesimama pale na koti la mvua mwilini, na la kwangu mkononi.

"Mama, amka basi. Utanichelewesha."

Nikaanza kutafuta soksi.