Masizi kwenye Daftari la Beata

Doa lilikuwa pale pale lilipozoea kukaa, chini ya jibu la mwisho, jeusi, kubwa kama haragwe. Mwalimu Getruda hakulichunguza. Mezani alikuwa na madaftari mia moja na matatu ya darasa la tatu, na la Beata lilikuwa la sitini na kitu. Akaandika kwa wino mwekundu, "Daftari chafu. Jirekebishe," akalisukuma kando, akavuta jingine.

Yote yalianzia kwenye kikao cha wazazi cha Januari. Ilikubaliwa kwa makofi kwamba kila mtoto apewe kazi ya nyumbani kila siku, na mzazi aipitie kisha atie sahihi. Atakayekosa sahihi siku tatu asiingie darasani mpaka mzazi aje. Kupiga makofi ni rahisi, lakini mwenye kusahihisha ni mmoja, na makofi hayamsaidii kugeuza ukurasa. Kufikia Machi, Getruda alikuwa na uchovu ule ambao mtu hulala nao na kuamka nao. Aliona wazi kwamba sahihi zaidi ya thelathini zilikuwa na mkia mmoja, mkono wa Hilda wa darasa la saba, aliyewatilia wenzake sahihi getini kila asubuhi. Alinyamaza, maana kuuliza kungemzalia kazi nyingine. Hata daftari la mwanawe mwenyewe alilitia sahihi akiwa amesimama, macho yakiwa kwenye sufuria ya maharage, bila kusoma hata mstari mmoja.

Siku chache baada ya wino ule mwekundu, doa likatoweka. Daftari la Beata likawa safi, na hapo ndipo Getruda alipoona kwamba halina sahihi. Jumatatu hakuna, Jumanne hakuna. Jumatano Getruda akamwita.

"Sahihi iko wapi?"

"Bibi amekataa, Mwalimu."

"Amekataa kwa nini?"

Mtoto akalifunga daftari, akalikumbatia.

"Basi kamlete. Bila yeye usirudi."

Beata alitoka bila kulia. Kumtoa darasani kulimkereketa Getruda kidogo, maana yule binti alikuwa ameanza kufunguka. Januari alikuwa akisoma kwa kujikwaa kila neno, na sasa alimaliza aya nzima. Mwalimu alijipongeza kimoyomoyo kwa hilo, kwani pongezi nyingine hakuwa nazo. Alhamisi dawati la Beata likakaliwa na watoto watatu badala ya wanne.

Ijumaa, wakati wa uji, Bibi Kunegunda akafika kutoka shambani kwake Mshangano, mjukuu akimfuata nyuma. Aliegemeza jembe ukutani, akafuta tope miguuni kwenye nyasi kabla ya kukanyaga baraza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja nisikie kosa letu."

Getruda akaanza maneno yale ambayo ulimi wake ulishayazoea: ushirikiano, wajibu wa mzazi, maendeleo ya mtoto. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikuwa natia, Mwalimu. Kila siku. Kwenye daftari la wanaogawiwa mbolea wananiletea wino, naweka dole gumba, wanasema tayari bibi, umetia sahihi. Nyumbani wino sina. Nina masizi ya chungu." Akainua gumba lake, likiwa na nyufa za jembe. "Halafu wewe ukaandika. Mtoto alikataa kunisomea, nikamlazimisha. Akasoma, 'Daftari chafu.' Nikasema basi, kumbe mkono wangu unamharibia. Nikaacha."

Getruda aliona aibu. Haikuwa aibu ya kukosolewa, hiyo angeweza kuijibu. Alitafuta pa kushika.

"Na kabla ya kutia, bibi... ulikuwa unamwambia nini?"

"Nimwambie nini mimi nisiyejua hata 'a'? Nasonga ugali, yeye anasoma. Akikwama, tunangoja mpaka akwamuke. Akimaliza ndiyo natia. Si ndivyo mlivyosema kikaoni?"

"Ndivyo tulivyosema."

Kati ya sahihi zote zilizopita mezani kwake tangu Januari, hakujua nyingine iliyomngoja mtoto akwamuke. Hata ya kwake haikungoja.

"Bibi, kosa ni langu. Beata ataingia darasani leo hii."

"Asante. Lakini kazi ya mwisho haina sahihi."

"Tuiache hiyo."

"Hapana, mwanangu. Isibaki hivyo."

Akaenda mwenyewe jikoni, akamwomba mpishi ruhusa, akapitisha gumba chini ya sufuria ya uji. Alirudi amelishika juu, mbali na kanga yake. Beata akafungua daftari, akatazama maandishi mekundu, kisha akamtazama mwalimu wake.

"Soma kwanza," Bibi akasema.

Beata akasoma. Habari ilikuwa ya mkulima na bustani yake. Alikwenda vizuri mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukamkamata.

"U... umwa... umwa..."

Getruda akafungua mdomo amsaidie, kama alivyozoea, ili kazi iende. Bibi akamgusa mkono kwa ule mkono wake safi.

Kengele ikagongwa. Watoto wakakimbia kupanga mstari, vikombe vikigongana. Darasani madaftari yalikuwa yamejaa mezani. Bibi Kunegunda hakugeuka, gumba lake jeusi likiwa bado hewani. Getruda akafumba mdomo, akasimama kando yake, akangoja.