Itifaki ya Usingizi wa Levis

Binti yetu alikuwa na wiki tatu na hakuwa amewahi kunyamaza. Mama mkwe, Edith, alishakata shauri: kuna marehemu anayetaka jina lake, na mtoto atalia mpaka alipate. Kwetu jina la namna hiyo huletwa ndotoni. Mimi nilimtaka Rispa, mama yangu, aliyezikwa Karungu nikiwa nimelazwa hospitalini na mimba ya mtoto huyu huyu. Lakini angenijia saa ngapi, na mimi silali?

Mume wangu Levis ni fundi wa minara ya simu hapa Awendo. Tangu utotoni hujua anapoota, na humo ndotoni hufanya apendavyo. Basi akaandika itifaki, kurasa mbili nzima. Yeye angelala mchana akutane na marehemu; mimi ningesoma majina huku nikitazama macho yake chini ya kope. Yakicheza mara moja, hapana. Mara mbili, ndiyo. Mara tatu, mtandao unasumbua, rudia. Kukoroma si ujumbe rasmi. Nilikuwa nimechoka hata nikatia sahihi.

Jumamosi baada ya chakula akajilaza. Mama mkwe akaketi kuwa shahidi, mtoto akipiga mayowe begani kwake. Alikuja na karatasi ya majina kumi na moja, yote ya ukoo wao.

"Aloo," nikasoma. Mara moja.

"Nyangweso." Mara moja.

"Adera." Mara tatu. Nikarudia. Mara moja.

Yote kumi na moja yakakataliwa.

"Yawa! Watu wetu wote wamekataa?" mama mkwe akauliza.

Karatasi ilikuwa imeisha. Nikasema kwa sauti ndogo, "Rispa."

Macho yakacheza mara mbili.

Mama mkwe akanirudishia mtoto. "Kama ni yeye amekuja, tutamkataza aje?" Akatoka kwenda kuwaambia majirani.

Mtoto alikuwa bado analia. Levis akafungua jicho moja.

"Mama ameenda?"

"Ameenda. Ulimwona mama yangu? Alikuwa amevaa nini?"

"Nyar Karungu," akasema, akiniita binti wa kwetu, "mimi sikuota kitu. Nani atalala na hii kelele?"

Nilitaka kumtupia itifaki yake usoni. Badala yake nikalia, kilio ambacho sikupata nafasi ya kukilia kaburini kwa mama. Levis akainuka, akanyoosha mikono.

"Leta Rispa," akasema. "Wewe lala. Pengine utamwona."